Mtaa wetu wa wastaafu Arusha umejaa ghafla, barabara na maji vimebaki vya kaya 40. Tufanyeje?

Mkunga_Mstaafu

Wana jukwaa, habari za leo. Wakubwa zangu shikamooni.

Naandika kuhusu mtaa wetu ulio kusini mwa jiji la Arusha, ndani kidogo ya barabara ya mchepuo inayotoka Usa River kwenda Ngaramtoni. Jina sitalitaja. Makonda wa vifodi wanapaita "kwa Wastaafu", na wenyeji mtakuwa mmeshapajua. Mimi na mzee wangu tulihamia 2009. Tuliokuwepo wakati huo tulikuwa walimu, manesi, watu wa posta, wa reli, mabwana shamba wawili na fundi mitambo mmoja. Tulikuwa kaya kama 40. Kila mtu alinunua kiwanja kikubwa kwa sababu alitaka migomba, kuku, ng'ombe mmoja wa maziwa, na asubuhi auone Mlima Meru bila kuzibwa na ghorofa la mtu.

Sasa hivi mjumbe wetu ana madaftari matatu ya majina, na mwanzo alikuwa na moja ambalo halikujaa. Viwanja vinakatwa viwili, vinakatwa vinne. Nyumba za kupangisha, fremu za maduka, nyumba za wageni. Barabara ni ile ile, mtaro ni ule ule, bomba la maji ni lile lile.

Niwaeleze kilichonifanya niandike. Masika iliyopita, saa nane usiku, presha ya mzee ilipanda. Mvua ilikuwa inanyesha tangu magharibi. Jirani mwenye gari hakusita, akaja, gari likaishia kwenye kona. Upande huu ukuta mpya, upande ule nguzo ya umeme na lundo la kokoto chini yake, katikati maji ya magoti. Vijana wawili wa bodaboda na mpangaji mmoja wakambeba mzee kwenye kiti cha plastiki, vile viti vya msibani, mpaka kwenye lami. Mimi nilitangulia na tochi nikiwaonyesha pa kukanyaga, maana mtaro ulikuwa hauonekani. Kiatu chake kimoja kikaenda na maji. Alipona, namshukuru Mungu.

Wiki ile ile nikaenda pale kwenye kona na futi ya fundi. Kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo ni futi tisa na nusu. Kwenye nakala ya mchoro niliyopewa wakati tunanunua, pameandikwa mita 8.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna: tuombe mkutano mkuu wa mtaa uazimie kwamba kisikatwe kiwanja kingine hata kimoja mpaka barabara irudi upana wake, mtaro uchimbwe upya na maji yaeleweke. Nataka kusikia maoni, hasa ya mliopitia hali kama hii sehemu nyingine.

Mwl_Kipenga

Nakazia kila neno. Pole sana kwa mzee, dada yangu. Ile kona naijua, hata gari la kunyonya maji taka lilishindwa kupita, likarudi kinyumenyume mpaka lami.

Vyumba_Sita

Shikamoo mama. Pole kwa yaliyomkuta baba. Nitasema tofauti kidogo na naomba nisieleweke vibaya.

Mimi nina umri wa miaka 34 na nina nyumba ya wageni ya vyumba sita humo mtaani. Ninyi mlipokuwa kaya 40, mnakumbuka mlikuwa mnaenda wapi kununua panadol? Mlikuwa mnatembea mpaka barabara kubwa. Leo kuna maduka ya dawa mawili, kuna bodaboda saa nane za usiku, na hao hao bodaboda ndio waliombeba baba. Transfoma ya pili ililetwa kwa sababu tulikuwa wengi tulioomba, wenye mashine za kuchomelea na friji za biashara. Mtaa wa watu wachache haupati kipaumbele popote.

Halafu mji huu hauzuiliki. Sensa ya 2012 jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442, na ya 2022 ikahesabu 617,631. Uwanja wa mpira wa watu 30,000 unajengwa kata ya Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027. Watu watakuja kulala wapi? Nimekopa benki kwa ajili hiyo. Mkisimamisha ujenzi, mnanisimamisha mimi na mafundi kumi na moja ninaowalipa kila Jumamosi.

Ukuta wa kwenye kona si wangu, niliweke hilo wazi. Kokoto zilikuwa zangu. Nimeshaziondoa na namwomba mama msamaha hapa hapa mbele ya watu.

Mkunga_Mstaafu

Mwanangu, msamaha nimeupokea, na umefanya kiungwana kujitaja. Sina ugomvi na kazi yako. Ila unaniambia wengi ndio wanaoleta huduma, na mimi nakuambia usiku ule wengi ndio walioziba njia. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana nataka tukubaliane kipi kitangulie.

Mpima_Mstaafu

Nimefanya upimaji wa ardhi miaka 31, mikoa minne, kwa hiyo kidogo nina la kusema.

Mama Mkunga, mita 8 zako ni za kweli. Eneo lile lilichorewa mchoro wa mipango miji kabla ya viwanja kupimwa, na barabara zimo. Shida inaanza pale mtu anapokata kiwanja kienyeji. Una kiwanja cha mita za mraba 1,600, unauza vipande vinne kwa karatasi ya mtaa na mashahidi wawili. Vile vya nyuma havina njia, basi mnakubaliana mdomo uachwe uchochoro wa futi saba. Mnunuzi wa mbele akijenga ukuta anafidia kile kipande alichotoa uchochoroni kwa kusogea upande wa barabara. Bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, inang'olewa, au inafunikwa na zege. Mwaka mmoja baadaye na wa ng'ambo anasogea, maana mwenzake amesogea. Hakuna aliyeiba barabara nzima. Kila mmoja alichukua hatua moja.

Kisheria ukataji wa kiwanja unatakiwa upite halmashauri, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inasema hivyo. Kubadili matumizi kutoka makazi kwenda biashara nako kuna utaratibu wake. Kwa hiyo azimio la mkutano wa mtaa haliwezi kumnyima mtu kibali ambacho halmashauri ina mamlaka ya kukitoa. Linachoweza kufanya ni kumfunga mikono mwenyekiti na mtendaji wasigonge muhuri mauziano ya vipande visivyo na kibali. Hapo ndipo pa kushikia, kwa sababu bila muhuri wa mtaa hao wanunuzi wengi wanaogopa.

Na nieleze jambo la maji ya mvua, naona watu wanalaumu mtaro peke yake. Nyumba yenye bati la mita za mraba 150, ikinyesha mvua ya milimita 40, inamwaga lita 6,000. Kaya 40 ni lita 240,000. Mkiwa nyumba 200 ni lita milioni 1.2, kwa mvua moja. Zamani nusu ya maji hayo yalizama kwenye migomba yenu. Leo ua wote ni pevingi na zege, yanatoka getini yakikimbia, yanatafuta korongo kupitia mtaro wa futi mbili uliochimbwa kwa jembe.

Aprili 2024 gari la wanafunzi liliposombwa na maji hapa hapa Arusha, watoto wakafa, wote tulilia. Makorongo yetu ni makavu miezi minane, mtu anadhani ni kiwanja. Sheria ya Mazingira ya 2004 imetenga mita 60 kutoka kingo za mto zisijengwe. Nendeni mkaangalie chini kule kwenye korongo letu kuna misingi mingapi.

Mwl_Kipenga

Mzee, hapo kwenye lita umenifungua macho. Nilikuwa nasema mtaro ni mchafu tu.

Fundi_Bomba58

Wazee wenzangu, niongezee upande wa maji ya kunywa.

Bomba lililoingia mtaani kwetu ni la inchi moja na nusu. Najua kwa sababu nilikuwepo linafukiwa, tulichanga wenyewe. Kwa kaya zile lilitosha na chenji ikabaki. Watu hawaelewi kwamba ukubwa wa bomba hauendi kwa kujumlisha. La inchi tatu halipitishi mara mbili ya lile, linapitisha zaidi ya mara nne. Kwa hiyo kazi ya kubadilisha bomba kuu la mtaa ingemaliza shida ya miaka mingi. Badala yake kila anayehamia anavuta mpira wake mwenyewe kutoka kwenye lami, mita 200, mita 300. Fukua mtaro wowote utaona mipira ishirini imelala kama tambi. Greda likipita mara moja linakata sita, maji yanamwagika usiku kucha, na sisi wa mwisho tunafungua bomba linakohoa hewa.

Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa shilingi bilioni 520, umeleta maji mengi mjini kuliko nilivyowahi kuona. Kuyafikisha kwenye jiko la bibi kizee wa mwisho wa mtaa kunahitaji bomba la ndani ya mtaa, na hilo lazima liombwe kwa pamoja, kwa barua moja yenye sahihi zote. Sahihi 200 zina uzito kuliko 40, hapo namuunga mkono kijana wa vyumba sita.

Jambo moja la kiafya na naomba mnisikilize. Kuna watu wamechoka na mgao wamechimba visima, na sasa wanauza maji kwa dumu. Miamba ya huku Meru ina madini ya floraidi. Kiwango cha taifa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huu vinapita hapo kwa mbali. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Meno ya kahawia ya watoto mmeyaona. Kwa mtu mzima aliyekunywa miaka, inaingia kwenye mifupa, viungo vinakakamaa, na yeye anafikiri ni uzee. Kituo cha Ngurdoto wamefanyia kazi miaka mingi uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Anayeuza maji ya kisima aonyeshe kwanza karatasi ya vipimo.

Mpangaji_wa_Pili

Shikamooni wazee wangu. Mimi ndiye yule mpangaji. Nilishika mguu wa nyuma wa kiti, upande wa kulia. Mama, nilikuwa sijui kama baba alipoteza kiatu.

Nimesoma uzi wote. Naomba niseme kwa heshima kwamba tukisikia "mtaa wa wastaafu" sisi tunaopanga tunajisikia kama tumevamia. Ninalala chumba kimoja na mke na mtoto. Nafanya kazi mjini, nauli inanibana, ndiyo maana nimekuja huku ambako chumba kina bei ninayoiweza. Kama nyumba za kupangisha zisingejengwa ningekuwa mbali, na usiku ule nisingekuwepo.

Lakini barabara naitaka kama mnavyoitaka. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Masika itatukuta hapa.

Mkunga_Mstaafu

Mwanangu, nimekusoma nimelia. Neno "kwa Wastaafu" tulilipenda sana, sikuwahi kuliona kwa upande wako. Mkeo aje nimwone, mlango wangu haufungwi. Na wewe uje mkutanoni. Mkazi ni mkazi, awe na hati au kodi ya mwezi.

Binti_Ughaibuni

Habari zenu. Wazazi wangu wako mtaa huo, mimi niko nje. Niliwanunulia hicho kiwanja nikijua watapumzika. Sasa nikipiga simu saa moja jioni mama ananiambia umeme umekuwa mdogo, taa zimefifia, jokofu linanguruma haliwashi. Ndani ya jokofu kuna insulini ya baba. Amenunua mtungi wa udongo, anaulowesha maji na kuiweka humo, kama tulivyofundishwa na nesi.

Niko tayari kuchangia greda na moramu, niambieni ni kiasi gani. Lakini sitachangia barabara ambayo mwezi ujao mtu ataiwekea ukuta.

Vyumba_Sita

Dada, mchango wa greda tulishafanya 2022. Moramu ilimwagwa vizuri sana ila bila mtaro. Mvua tatu ikawa yote iko korongoni.

Mrudi_Uru

Nasoma nikiwa Moshi, nimestaafu nikarudi Uru kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba. Mnayozungumza na sisi yanatukuta, ila nina mfano wa kuwapa.

Huku mlimani tuna mifongo, mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu. Mfongo una wenyewe na una kiongozi wake. Ana orodha ya zamu, wewe unamwagilia Jumanne asubuhi, mwenzako jioni. Siku ya kusafisha ikitangazwa, kila kaya inatoa mtu na jembe, asiyetoka anatozwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata mgomba juu ya mfongo. Ulikuwa unapita kati ya shamba lako na bado si wako.

Sasa vihamba vimegawanywa kwa watoto, watoto wamejenga, wengine wameuza kwa watu wa mbali. Mgeni ananunua, anakuta kijimfereji kimekauka kiangazi, anafukia, anajenga choo. Masika maji yanakuja na njia yao haipo. Mwaka juzi yalipita sebuleni kwa mjane mmoja jirani yangu, yakatoka na magunia yake mawili ya mahindi.

Tulichofanya ni kumrudisha kiongozi wa mfongo. Wazee watatu walipita na kijiti wakionyesha njia ya zamani ya maji, kijana mmoja akachora kwa simu yake, na tukakubaliana hata wale wasio na shamba watoke kusafisha kwa sababu maji ya bati lao yanapita humo humo. Mtaro wenu hauna kiongozi. Mpeni mtu mmoja, hasa mkali.

Mpima_Mstaafu

Mrudi Uru, asante sana. Hili la kijiti nitalifanya.

Mzee_wa_Reli

Nimekaa kimya tangu mwanzo kwa sababu ya aibu. Acha niseme.

Ukuta wa kwenye kona ni wa kiwanja ambacho kilikuwa changu.

Wengi mnajua nilistaafu nikaanza nyumba nikaishia kwenye linta. Mafao ya mkupuo yalikwisha kwenye msingi na matibabu ya mama watoto. Kila mwezi pensheni inakuja, lakini pensheni ya mwezi haiezeki nyumba. Mwaka wa tatu nikakata nusu ya kiwanja nikauza, ndiyo iliyonunua mabati yanayonifunika leo. Mnunuzi alipouliza barabara inaishia wapi, nilimwonyesha kwa mkono. Sikumtafuta mpimaji. Nilionyesha vibaya, na moyoni nilijua naonyesha vibaya, maana nilitaka kipande changu cha nyuma kibaki kikubwa.

Ndugu zangu mnaosema wageni wametuharibia, hesabuni ni wangapi kati yetu wa mwanzo tumekata. Mimi najua kumi na wawili. Na watakuja wengine. Kikokotoo cha mafao cha 2022 kilishusha mkupuo mpaka asilimia 33. Mwaka 2024 ukapandishwa mpaka 40 kwa wale waliokuwa wanapata nusu, lakini bado ni chini ya nusu. Mwalimu atakayestaafu mwakani akaja kujenga huku, akiishia kwenye linta atafanya nini? Atakata. Ndiyo maana azimio la "kisikatwe kabisa" siliwezi, mama. Nitaonekana nimefunga mlango baada ya kuingia. Akate, lakini mpimaji awepo, na anayekata aache kwanza upana wa barabara na wa mtaro ndipo kipande chake kianze.

Mwenye ukuta nimeongea naye jana. Alikasirika, ana haki, alinunua kwa pesa halali na mimi ndiye niliyemwonyesha. Amesema hatabomoa kwa hasara yake. Nimemwambia nitampa mita mbili na nusu kutoka nyuma, kwenye banda langu la kuku, na tofali za kujenga upya nitatafuta.

Mwl_Kipenga

Kaka, ulinisaidia kuezeka kwangu ukiwa huna bati lako. Tofali 100 ziko kwangu, tuma kirikuu.

Binti_Ughaibuni

Sementi niachieni mimi. Mifuko mingapi?

Mkunga_Mstaafu

Mzee wa Reli, shikamoo. Sikujua. Nimepita pale kila siku nikimlaumu yule jirani mpya, hata salamu yake nilikuwa naitikia nusu. Nitakwenda kwake leo jioni.

Nabadilisha ombi langu, ila nusu. Kukata kwenye kingo za korongo kusiwepo kabisa, hapo sirudi nyuma hata kidogo. Kwingine kukate mwenye kibali, mpimaji akiwepo na bikoni zikionekana. Na kila bati jipya liwe na tangi au shimo la kunywea maji ya mvua ndani ya ua wake. Fundi Bomba aandike barua ya bomba la inchi tatu. Wapangaji nao waweke sahihi.

Vyumba_Sita

Mama, sahihi yangu iko, na shimo la mvua nitachimba. Kuhusu korongo bado nina swali, kuna rafiki yangu ameshamwaga msingi kule. Atafidiwa na nani?

Mpima_Mstaafu

Kijana, hilo ni gumu na sitakudanganya. Aje mkutanoni na karatasi zake, tuone nani alimuuzia na nani aligonga muhuri.

Mzee wa Reli, Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye kona na futi ya mita 50 na mambo za mti. Bikoni ya pale naamini ipo, iko chini ya lile zege la getini. Tafuta nyundo.

Mpangaji_wa_Pili

Nyundo ninayo. Na nina zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi nipo.